Lubutu: Deni likikaba, nyumba isiende kimya kimya

Wilayani Lubutu, kaskazini mwa mkoa wa Maniema, mtu aliyeweka nyumba yake rehani akikosa feza za kulipa, mara nyingi hunyamaza kwa haya mpaka siku mdai anafika mlangoni. Kunyamaza huko ndiko kunakomponza. Sheria inayotumika Kongo inampa mdaiwa muda na njia za kujitetea, ikiwa atasimama mapema.

Biashara ya Lubutu inategemea barabara ya taifa namba 3, inayotoka Bukavu, kupita Walikale, mpaka Kisangani. Machi 2025 waasi wa M23 waliteka Walikale, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Njia ikitetemeka namna hiyo, mwenye duka hapati mali na mwenye pikipiki hapati wasafiri, lakini tarehe ya kulipa haingoji mtu.

Wengi hukimbilia kukopa tena kwa wakopeshaji wa mtaani wanaojulikana kama Banque Lambert, ambako faida inaweza kufika nusu ya feza zilizokopwa. Hapo deni moja linazaa la pili, na nyumba inazidi kuwa hatarini.

Njia iliyo bora ni kumwendea mkopeshaji wa kwanza kabla ya tarehe kupita. Mdaiwa aeleze kilichoharibika, aonyeshe anachoweza kulipa kila mwezi, na aombe malipo yapangwe upya. Wakikubaliana, iandikwe na kusainiwa na pande zote mbili. Kila feza inayolipwa ipewe risiti. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha mbele ya tribinali.

Jambo la pili ni kuchunguza karatasi iliyosainiwa. Tangu Septemba 12, 2012, Kongo inafuata sheria za OHADA. Kwa sheria hizo, kwa kawaida ni parsela yenye sertifika ya usajili tu inayoweza kuwekwa ipoteke, na ipoteke hiyo huandikwa kwa konservateri wa hati za ardhi. Mwenye karatasi ya chifu au ya mtaa peke yake aulize avoka kama rehani yake inasimama kweli. Hatari kubwa ni kusaini karatasi ya mauzo kama dhamana ya mkopo, kwa sababu kesho mdai atasema alinunua.

Kwa waliooana, Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla ya nyumba yao ya pamoja kuwekwa ipoteke. Mmoja akisaini kwa siri, mwenzake ana neno la kusema mbele ya jaji.

Je, mdai anaweza kuichukua nyumba yeye mwenyewe? Hapana, ikiwa ndimo mdaiwa anamoishi. Lazima apitie tribinali, na nyumba iuzwe kwa mnada. Kabla ya hapo, huisie huleta amri ya kulipa yenye siku 20. Karatasi hiyo isitupwe wala kufichwa: siku zinahesabiwa tangu ilipopokelewa.

Mdaiwa anaweza pia kumwomba jaji muda wa huruma. Kifungu cha 39 cha sheria ya OHADA kuhusu kudai madeni kinamruhusu jaji kuahirisha malipo au kuyagawanya, kwa muda usiozidi mwaka 1. Jaji huangalia hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai pia. Anaweza hata kuamuru kwamba kinacholipwa kianze kupunguza mkopo wenyewe kabla ya faida.

Na askari kutishia jela? Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi ilijiunga nao mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Utapeli ni jambo lingine: aliyekopa kwa udanganyifu anaweza kushitakiwa.

Asiye na feza za avoka asikate tamaa. Sheria ya 1979 kuhusu maavoka inataka kila baro iwe na ofisi ya mashauri ya bure kwa maskini. Kindu ni mbali na barabara ya kupitia Punia ni mbaya, lakini safari moja ya mapema inagharimu kidogo kuliko kupoteza nyumba. Anayekwenda abebe mkataba, risiti zote na kila karatasi iliyotoka kwa huisie.