Akina Grace Wawili wa Mwambao wa Nyanza

Grace Onyango na Grace Ogot, ambao wageni aghalabu huwachanganya kwa ajili ya jina, walizaliwa katika mwambao mmoja wa Ziwa Victoria, wa kwanza Sakwa mwaka 1924 na wa pili Asembo mwaka 1930, zama ambazo wazazi wengi walihesabu karo ya msichana kuwa mali iliyotupwa. Na kila mmoja akaingia katika mojawapo ya kazi chache walizofunguliwa wasichana wa Kiafrika, Onyango ualimu, Ogot uuguzi.

Uuguzi ulimfikisha Ogot Mengo, Uganda, kisha London, ambako alisikika pia katika idhaa ya BBC, na mwaka 1962 alikuwapo Makerere katika mkutano mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika. Riwaya yake, The Promised Land, ilitoka mwaka 1966. Walakini anayetaka kuujua ufundi wake na aanze na hadithi ya Oganda, binti wa mtawala, ambaye ametolewa awe kafara kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe, na huku watu wa kwao wakimsindikiza kwa nyimbo za furaha, yeye anakwenda peke yake kukabili mauti.

Onyango hakuwa na wasaa wa kutunga. Alikuwa diwani wa Kaloleni, na mwaka 1965, alipofariki meya wa Kisumu, akakikalia kiti kile, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa meya nchini Kenya. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ile ambayo hata leo twaiita Russia tu. Ghasia zikazuka, risasi zikafyatuliwa, watu wakauawa, na siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU, cha Jaramogi Oginga Odinga, kikapigwa marufuku. Katika mji huo uliokuwa bado na matanga, ambamo wengi walikuwa na sababu ya kuukimbia uwanja wa siasa, Onyango aligombea Desemba ile ile na kushinda, akaingia katika Bunge ambalo tangu uhuru halikuwa na hata mwanamke mmoja aliyechaguliwa na raia. Alikaa humo miaka 14, na kuna nyakati alizokikalia kiti cha Spika mwenyewe. Sisi wa Nyalenda, pembezoni mwa Kisumu, tulitiwa ndani ya mipaka ya manispaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashamba ya ukoo yakaanza kugeuka vyumba vya kupanga, naye ndiye aliyekuwa mbunge wetu.

Kwa rai yangu njia ya Onyango ndiyo iliyokuwa nzito zaidi, ingawa sifa zimemwendea zaidi mwenziwe. Kwani vitabu vya Ogot hununuliwa dukani, ilhali maneno ya Onyango yamo ndani ya Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na ni nani aisomaye Hansard kwa starehe? Simpunguzii Ogot hadhi yake. Mwaka 1983, mwaka ule ule Onyango alipotoka Bungeni, Ogot aliingia kwa uteuzi wa Rais Moi. Lakini kiti cha Gem kilipobaki wazi mwaka 1985, hakutosheka na uteuzi, akajiuzulu, akaenda kuwaomba wapiga kura, nao wakampa.