Mama, sufuria gani ununue kwanza?

Katika ziara za nyumbani huwa naomba kuona jiko. Mama anayependa kupika utamjua tu: kinu kimefunikwa, miko imening'inizwa, sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Naye swali lake mara nyingi ni moja: "Nesi, hela yenyewe ndiyo hii, ninunue chombo gani kizuri kitakachodumu?"

Zamani nilikuwa najibu haraka: nunua kizito, kizito hakiunguzi. Siku hizi sijibu hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Sufuria nzito ya bei nafuu sokoni mara nyingi ni ile inayotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu na kumimina kwenye umbo la mchanga. Kinachoyeyushwa ni mchanganyiko: vipande vya injini, rejeta za magari, vifaa vya umeme vilivyokufa, makopo. Fundi anafanya kazi yake kwa bidii, lakini hana namna ya kujua kilichomo ndani ya ule uji wa moto. Humo ndimo madini ya risasi yanapoweza kuingia. (Ndiyo, ni risasi ileile inayotengenezewa risasi za bunduki.)

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa vyombo vya alumini 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Vilichemshiwa maji yenye ukali kama wa siki, na zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi kwa kiwango cha kutia hofu. Sasa fikiria mapishi yetu: uji wa ukwaju, mchuzi wa nyanya, samaki wa ndimu. Vitu vikali huila alumini polepole na kuivuta ndani ya chakula, pamoja na chochote kilichochanganyika nayo.

Mtoto anaumia zaidi yako

Mkila chakula kilekile, mwili wa mtoto mdogo unaweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi, na wenye upungufu huo tunao wengi kliniki. Risasi huingia kwenye ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza na kutulia. Kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba huoni kitu. Mara nyingi mtoto hatapiki wala hapati homa. Anaweza kulalamika tumbo au kufunga choo, na hayo yana sababu mia. Kipimo pekee cha uhakika ni cha damu, na hakipatikani kila zahanati. Kwa hiyo kinga inaanzia sokoni.

Utaijuaje?

Ikague kwa mkono. Sufuria ya kumimina ni nene, ndani ina vijishimo vidogo au mikwaruzo ya mchanga, na masikio yake mara nyingi yamemiminwa pamoja na mwili. Ya kiwandani, iliyokatwa kwenye bati la alumini, ni nyembamba, laini na sawasawa pande zote. Siwezi kukuapia kwamba kila ya bati ni safi, ila hatari kubwa iko kwenye ile ya chakavu.

Muuzaji anaweza kukwambia, "Chemsha maji mara ya kwanza, mwaga, imekwisha." Haijaisha. Risasi imo ndani ya madini yenyewe, haioshwi.

Bora kuliko zote kwa chakula kikali ni sufuria ya stili isiyoshika kutu. Geuza chini utafute maandishi 18/8, 18/10 au 304. Watu wengi hubeba sumaku wakidhani stili nzuri haishiki. Ni kweli kwamba hizo nilizotaja kwa kawaida hazishiki, lakini alumini nayo haishiki, kwa hiyo sumaku peke yake haikusaidii. Angalia kitako pia. Stili nyembamba juu ya jiko la mkaa huunguza ugali mpaka ukakasirika. Tafuta yenye kitako kinene cha tabaka, hata kama ni ndogo. Masikio yawe yamefungwa kwa ribiti imara, na mfuniko ukae bila kucheza.

Usinunue seti. Seti ya vipande kumi kwa bei ya kutupa huwa na vipande saba usivyovihitaji, vyote vyembamba. Zamu yako ya mchezo au ya kikoba ikifika, nunua sufuria moja ya stili ya lita 2 au 3. Hiyo iwe ya uji wa mtoto, mchuzi na chochote chenye ukwaju, ndimu au nyanya. Zamu nyingine utaongeza.

Chungu cha udongo kisichopakwa kitu ni chaguo zuri na la bei ndogo. Kile kilichopakwa rangi ya kung'aa ndani kiache, kwa sababu baadhi ya rangi hizo zina risasi pia. Kikaango cha chuma cheusi kinafaa sana kwa chapati na mayai, ukikipaka mafuta kidogo baada ya kukiosha ili kisishike kutu. Kikaango cha tefloni usikiache kitupu kwenye moto mkali, kinatoa moshi mbaya. Na tafadhali, ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba isiwekewe maji ya kunywa, hata uisugue vipi.

Kama tayari unayo ile nzito

Usijilaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo, na niliisifia kwa majirani. Ihamishie kwenye maji ya kuogea. Ikiwa ndiyo pekee uliyo nayo kwa sasa, usipikie vitu vikali humo. Ukwaju au ndimu weka baada ya kupakua, kwenye bakuli. Usilaze chakula ndani yake. Mtoto apewe dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa, maana mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo.

Ukiwa mjamzito, au mtoto amekula kutoka sufuria hiyo kwa muda mrefu na ana upungufu wa damu au amechelewa kuongea, mwambie mhudumu kliniki kuhusu sufuria, uulize kipimo cha risasi kinapatikana wapi. Ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu au zaidi, chanzo kinapaswa kutafutwa nyumbani. Sufuria yenyewe nenda nayo. Usione aibu kuibeba kwenye kikapu.