London: Jicho moja lililoacha funzo katika sheria za kazi

Kipande kidogo cha chuma kilichoruka katika gereji moja mashariki mwa London mwaka 1942 kilizusha kesi ambayo hadi leo husomwa na wanafunzi wa sheria.

Mfanyakazi aliyejeruhiwa, Bwana Paris, aliajiriwa na halmashauri ya Stepney. Jicho lake la kushoto lilikuwa limepofuka kutokana na shambulio la ndege za kivita mwaka 1941.

Siku chache kabla ya ajali alipimwa na daktari, akaonekana hafai kupewa ajira ya kudumu, na akapewa notisi ya kuachishwa kazi.

Tarehe 28 Mei, angali ndani ya notisi hiyo, alikuwa akigonga kwa nyundo bolti yenye kutu chini ya gari. Kipande cha chuma kikaliingia jicho lake zima. Hakuwa amepewa miwani ya kinga.

Uzito wa madhara

Halmashauri ilijitetea kuwa haikuwa desturi kuwapa mafundi wa gereji miwani, na kwamba mwenye jicho moja harukiwi na chuma kwa urahisi zaidi kuliko mwenye macho mawili.

Bwana Paris alishinda, kisha akashindwa katika rufaa. Mwezi Desemba 1950 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa, lilimpa ushindi kwa kura tatu dhidi ya mbili.

Kwa mujibu wa hukumu hiyo, hatari haipimwi kwa uwezekano wake peke yake, bali pia kwa uzito wa madhara. Mwenye macho mawili akipoteza moja hubakiwa na la pili. Mwenye moja hubaki gizani. Kwa hiyo mwajiri anawajibika kwa kila mfanyakazi kulingana na hali yake anayoijua.

Afrika Mashariki

Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi misingi ya sheria za Kiingereza. Hukumu za London hazizifungi mahakama zao, ingawa zaweza kuzingatiwa. Sheria zao za usalama kazini, Tanzania mwaka 2003, Uganda 2006 na Kenya 2007, zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga.

Hata hivyo, mafundi wengi wa kuchomelea vyuma hujiajiri, na hawana wa kumdai miwani.

Kwa walioajiriwa, kisa cha Stepney kinabakiza fumbo. Mwajiri hujua udhaifu wa mfanyakazi anapoelezwa au anapompima, lakini taarifa hiyo hiyo iliyopaswa kumletea Bwana Paris miwani ndiyo iliyomletea notisi.