Ulimi, Urithi na Sonona

Wanafunzi wakionja vikaratasi vilivyochovywa katika kemikali iitwayo PTC, baadhi yao hukunja uso kwa uchungu, hali wenzao hawaonji kitu. Tofauti hii iligunduliwa mwaka 1931, unga wa PTC ulipotimka katika maabara ya mkemia Arthur Fox, nchini Marekani: mwenzake alilalamikia uchungu, lakini Fox hakuhisi lolote. Mwaka 2003 ilibainika kuwa chanzo kikuu ni jeni iitwayo TAS2R38, iliyomo katika kromosomu ya 7.

Kwa kuwa sifa hii hurithiwa na hupimika kwa urahisi, wataalamu wamejiuliza: je, yaweza kumtambulisha mtu aliye katika hatari ya kupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu?

Na tutazame kwanza alama iliyokwisha kuthibitishwa. Katika nchi zenye malaria, kama mabonde ya Korogwe ambako ugonjwa huo umechunguzwa kwa miaka mingi, wapo watu waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba watu hao hukingwa dhidi ya malaria kali. Matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi, na sababu inaeleweka: vimelea havistawi vema katika chembe zao nyekundu za damu.

Alama ya ulimi haijafikia daraja hilo. Tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1980 hazikupatana. Ule wa mwaka 2004 uliona visa vichache vya sonona katika jamaa za waonjaji wakali mno. Tena, mwaka 2006 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu wenye afya dawa ya sonona iongezayo serotonini, nao wakaweza kutambua uchungu hafifu zaidi wa kwinini. Basi ladha hubadilika pia kwa kemia ya mwili, bila jeni kubadilika.

Kwa hiyo mwalimu atumie vikaratasi hivyo kufundishia urithi, asivitumie kamwe kumhukumu mwanafunzi. Sonona hutambuliwa kwa dalili zake: huzuni au kukosa hamu ya mambo kwa majuma mawili au zaidi, pamoja na usingizi na ulaji kuvurugika. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali, hata kama ulimi wake hauonji uchungu wowote.