Lumbesa yazikwamisha huduma za bei za vitunguu Mang'ola

Ukiwauliza vijana wanaounda huduma za bei za mazao kwa simu kwa nini bei ya vitunguu vya Mang'ola haiaminiki, wengi watalaumu mtandao. Wafanyabiashara wa Barazani, huko huko Mang'ola, wanalaumu gunia. Baada ya kuwasikiliza wote, mwandishi huyu yuko upande wa Barazani.

Ufundi wenyewe si mgeni. Mbunifu huchukua ramani ya mtandaoni, utabiri wa hali ya hewa, ujumbe mfupi na malipo ya simu, akaviunganisha kupitia API, yaani mlango ambao kupitia kwake programu moja huchota taarifa za nyingine. Mwaka 2005 nchini Marekani, matangazo ya nyumba za kupanga yalipachikwa kwenye ramani kwa njia hiyo. Mwanzoni mwa 2008 Wakenya waliunganisha ramani na ujumbe wa simu kuonyesha palipotokea vurugu za baada ya uchaguzi, na kazi yao ikaigwa katika nchi nyingi. Mkulima wa Mang'ola, katika bonde la Eyasi, anahitaji madogo kuliko hayo: bei ya leo Arusha, Namanga na Nairobi, hali ya barabara ya Karatu, na fedha kuingia kwenye simu kabla gari halijaondoka.

Mfanyabiashara mmoja wa Barazani, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, anasema alijiunga na huduma ya aina hiyo akaiacha. Bei aliyotumiwa ilikuwa ya gunia, lakini haikusema gunia la debe ngapi. Mnunuzi hufika shambani na debe lake mwenyewe, na vitunguu hujazwa hadi kuvuka mdomo wa gunia, kisha juu hushonewa kilemba; hiyo ndiyo lumbesa. Sheria inataka kifungashio kisizidi kilo 100, na kila msimu lumbesa hukemewa majukwaani. Shambani, anasema mama huyo, mizani haionekani, na anayeidai humwona mnunuzi akihamia shamba la jirani. Vitunguu vikishang'olewa na kukatwa majani, mvua ikitishia, mwenye mali hana muda wa kubishana. Kwa hiyo bei nzuri kwenye simu humfikia ikiwa imeshapunguzwa na ujazo.

Ana kinyongo kingine. Anasema tangu aandikishe namba yake, alianza kupokea matangazo ya mikopo ambayo hakuyaomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambana anayekusanya taarifa za watu na kuzigawa bila ridhaa. Mama huyo hajui aende kwa nani kulalamika, na hapo hayuko peke yake.

Ng'ambo ya mpaka wa Namanga mambo huhesabiwa kwingine. Takwimu za masoko za Kenya zimezoea kutaja vitunguu kwa kilo au kwa neti ya kilo 13. Programu inayochukua bei ya neti ya Nairobi na ya lumbesa ya Mang'ola na kuzipanga safu moja inampotosha mkulima, hata iwe imeandikwa kwa ustadi gani. Upande wetu wa Tanzania kuna pengo baya zaidi: taarifa za serikali za bei za jumla kwa miaka mingi zimejikita kwenye nafaka, maharage na viazi mviringo. Zao linalolisha Mang'ola halikupewa nafasi humo. Mbunifu anabaki kuokota bei kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako madalali ndio waandishi wakuu.

Ofisa mmoja anayefuatilia mawasiliano anasisitiza kuwa soko la huduma hizi lipo tayari, akitaja laini za intaneti zaidi ya milioni 48 nchini mwishoni mwa 2024. Takwimu hiyo inapendwa sana kwenye mikutano. Lakini hizo ni laini, si watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, huku laini za simu kwa jumla zikipita milioni 80. Mchuuzi mmoja hubeba laini mbili au tatu kwa sababu kila mtandao una mahali unapokatika. Ofisa huyo alipoulizwa ni wangapi kati ya wenye laini hizo ni wakulima wanaonunua bando kila siku, hakuwa na jibu.

Gharama za huduma hizi nazo hazitabiriki. Mwaka 2018 ramani maarufu zaidi ya mtandaoni ilibadili masharti: kutoka kufunguliwa bure mara 25,000 kwa siku hadi takriban mara 28,000 kwa mwezi, na ziada ikawa ya kulipwa kwa dola. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, ingawa ilipunguzwa baadaye, iliwarudisha wengi kwenye fedha taslimu. Mbunifu mmoja wa Arusha anasema ameondoa ramani kabisa, akabakiza ujumbe mfupi.

Huenda hali ikabadilika endapo vitunguu vitaingizwa kwenye taarifa rasmi za bei, kwa kilo, na katika mfumo ambao programu inaweza kuusoma. Hilo ni jepesi kuliko kufikisha mizani shambani, lakini bila mizani faida yake itakuwa nusu. Kwa sasa, anayetaka bei ya uhakika Barazani bado anampigia simu dalali wa Namanga, na dalali ndiye anayeamua amwambie ipi.