Upatanisho wa Vipuri: Kuteua Viungo vya Tarakilishi ya Kwanza ya Michezo

Utangulizi

Si haba wanafunzi wanaotamani kujiundia tarakilishi ya kuchezea michezo badala ya kununua iliyokwisha kuundwa. Faida ni bayana: mtu hulipia anachokihitaji tu, na kipuri kikiharibika hukibadilisha peke yake. Hata hivyo, kipuri kimoja kisichooana na vingine chaweza kuigeuza akiba ya mihula miwili kuwa sanduku la vyuma lisilowaka. Makala haya yanadai kwamba kanuni kuu ya kazi hii ni ileile aijuayo kila mwanafunzi wa sarufi, yaani upatanisho.

Skrini kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza ni kichakataji kipi chenye kasi zaidi. Swali lifaalo ni: nitacheza nini, na katika skrini gani? Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600; ile ya 3840 kwa 2160 ina pikseli 8,294,400, yaani mara nne kamili. Kadi ya michoro ndiyo huzichora zote, aghalabu mara 60 au zaidi kwa kila sekunde. Kwa hivyo, mwenye skrini ya kwanza hana haja ya kadi ya bei ghali mno. Kadi ya tabaka la RTX 4060, iliyotolewa 2023, yamtosha kwa michezo mingi. Hata hivyo, kadi ndiyo istahiliyo fungu kubwa zaidi la bajeti, takribani thuluthi moja.

Nomino na viambishi

Katika sentensi, nomino hutawala viambishi vya maneno yanayoandamana nayo. Katika tarakilishi, nomino hiyo ni madabodi, au ubao mama ukipenda. Soketi yake ndiyo huamua kichakataji. Soketi ya AM4, iliyoanza 2016, haipokei kichakataji cha AM5, iliyoanza 2022. AM4 hutumia kumbukumbu za DDR4. AM5 hutumia DDR5, na kijiti cha aina moja hakiingii katika nafasi ya nyingine.

Vighairi navyo vipo. Neno 'kiboko' lina umbo la KI-VI, lakini twasema 'kiboko amelala'. Vivyo hivyo, madabodi ya B450 ya 2018 ina soketi ya AM4, lakini huenda isikitambue kichakataji cha Ryzen 5 5600 cha 2022 hadi BIOS, yaani programu yake ya msingi, ihuishwe. Umbo limekubali, kanuni imekataa. Mnunuzi na aulize kabla ya kulipa.

Aidha, Ryzen 5 5600 haitoi picha bila kadi ya michoro, ilhali 5600G hutoa. Mwenye fedha chache aweza kuanza na 5600G, acheze michezo mepesi, kisha aongeze kadi baadaye. Kuhusu kumbukumbu, vijiti viwili vya gigabaiti 8 hufaa kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa data hupita katika njia mbili kwa pamoja.

Kipuri kinachodharauliwa

Pawasaplai haionekani kwenye skrini, na ndiyo maana wengi huipunja. RTX 4060 imekadiriwa kutumia wati 115, na Ryzen 5 5600 wati 65. Pawasaplai ya wati 550 huzimudu kwa nafasi. Lakini idadi ya wati si hoja pekee. Alama ya 80 Plus huonyesha jinsi umeme unavyotumika bila kupotea kama joto. Haithibitishi kinga dhidi ya umeme unaoruka. Hapa Kenya, ambapo umeme wa volti 240 hupotea na kurudi kwa kishindo, pawasaplai duni ikiungua yaweza kuiangamiza madabodi na kadi pia. Afadhali kuacha kasha lenye taa za rangi ili fedha hizo zinunue pawasaplai ya kuaminika.

Hitimisho

Mteuzi aandike orodha kwa utaratibu huu: skrini, kadi, kichakataji, madabodi, kumbukumbu, diski ya SSD, pawasaplai, kasha. Kisha ahakiki kila jozi: soketi kwa kichakataji, kumbukumbu kwa madabodi, urefu wa kadi kwa kasha. Asinunue hata kimoja kabla orodha nzima haijapatana. Maneno mazuri yasiyopatana hayaundi sentensi. Vipuri ghali navyo ni vivyo hivyo.