JE, WAJUA? "Uncle" mmoja, kwa Kilatini wawili

Je, wajua kwamba neno la Kiingereza "uncle" halitafsiriki kwa Kilatini mpaka uulize kwanza ni wa upande gani? Ndugu wa kiume wa baba Warumi walimwita patruus. Wa mama, avunculus. Mswahili mwenye ami na mjomba habahatishi hapo. Anayebabaika ni Mwingereza, ingawa "uncle" yenyewe ilitoka kwenye avunculus, ikapitia Kifaransa, kisha ikammeza na patruus.

Kosa hapa si dogo. Mwaka 49 Kaisari Klaudio alitaka kumwoa Agrippina, binti wa kaka yake Germanicus. Yaani alikuwa baba yake mdogo! Sheria ilikataza, basi Seneti ikailegeza: binti wa kaka ruksa. Binti wa dada akabaki marufuku. Ukimwandika Klaudio kuwa avunculus, umemwozesha mke ambaye hata sheria ile mpya ilimnyima.

Patruus alisifika pia kwa ukali, hadi jina lake likawa la kila mkaripiaji. Na shangazi? Huyo ni amita, asili ya neno "aunt". Mama mdogo au mkubwa ni matertera.